Msimu wa Jiko la Mama

Saa tatu asubuhi, sebule ya jaji mstaafu Perpetua Chilongani ilianza kubadilika. Nyamizi Kashinde alisimama katikati ya chumba, kibao cha kuongozea kuta mkononi, akitazama weupe ukififia kutoka darini kushuka chini. Kuta zikawa na rangi ya udongo mkavu. Masizi membamba yakapanda kwenye pembe. Uso wa ukuta, uliokuwa laini kama kioo, ukatokeza alama za vidole, kana kwamba mtu aliusiriba kwa mkono. Joto likaja upande wa kushoto tu, mahali ambapo mafiga yangekuwapo. Mwisho ikafika harufu ya viazi vitamu vinavyochemka kwenye chungu.

Jaji alikaa kitini taratibu. Kwa miaka thelathini alikuwa amewahukumu watu bila kukunja uso, lakini sasa machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Najiona mdogo," alisema. "Kwa nini najiona mdogo?"

"Mtindo huu ulichukuliwa kutoka kimo cha mtoto wa miaka mitano, mheshimiwa. Dirisha liko juu kuliko kawaida. Kichanja cha vyombo pia."

"Wazo kama hili unalitoa wapi, mwanangu?"

Nyamizi alikuwa na jibu la swali hilo. Alikwisha kuwapa waandishi wengi: kwamba mpambaji mzuri hutembea na macho wazi, huangalia udongo wa kiangazi, khanga zilizochujuka, mikono ya wazee. Alimpa jaji jibu lilelile. Kisha akapunguza joto la ukuta kidogo, maana lilizidi.

Katika Dodoma ya miaka ile, nyumba hazikupakwa rangi tena. Zilijengwa kwa kuta sikivu, zenye chembe ndogo kuliko unga wa muhogo, kila chembe ikiwa mashine inayoweza kubadili rangi, umbo, joto na harufu. Watu walibadilisha nyumba zao kama wanavyobadilisha nguo. Kulikuwa na mwaka wa vioo, kisha mwaka wa kijani, ambapo kila familia ilitaka kulala kama iko msituni, kisha mwaka wa bluu. Mtindo haukudumu zaidi ya miezi minane kabla watu hawajauchoka.

Mwanzoni kazi yote ilifanywa na akili unde. Iliunda mitindo elfu kwa dakika, yote mizuri, na watu waliishi ndani yake kama wasafiri wanaosubiri kwenye uwanja wa ndege. Hawakujua kinachokosekana, ila walijua kinakosekana. Ndipo kampuni iliyoitwa Makao Mapya ilipowarudisha wapambaji kazini. Haikuhitaji mikono yao wala macho yao. Ilihitaji kumbukumbu zao.

Mashine ya kuchotea kumbukumbu hizo iliitwa kichotahisi. Ilikuwa kiti cha kawaida chenye kofia ya nyuzi za fedha. Mpambaji alikaa, akakumbuka chumba alichowahi kukipenda, na kwa dakika arobaini mashine ilichota kila alichokihisi humo, ili kuta zikipitishe kwa yeyote atakayekaa ndani yake. Karatasi ya makubaliano ilisema kuwa mtoaji "huenda akapungukiwa kidogo na mguso wa kumbukumbu husika."

Nyamizi alikuwa ametoa vyumba kumi na kimoja. Alitoa bweni la shule ambako walicheka mpaka matroni akaja na fimbo. Alitoa chumba cha kupanga walikoishi na mumewe mwezi wa kwanza wa ndoa, godoro likiwa chini na pazia likiwa shuka. Mitindo yote miwili ilipendwa nchi nzima. Mumewe, Lutufyo, alivumilia miaka miwili, kisha akakusanya nguo zake mchana kweupe.

"Unaniangalia kama unapima mapazia," alimwambia mlangoni.

Nyamizi aliona maneno hayo ni ya kweli. Alikumbuka kila kitu cha ndoa ile, tarehe na rangi zake. Ila ilikuwa kama kukumbuka ratiba ya treni.

Alipokuwa akitoka kwa jaji, dada yake alipiga simu kutoka Tabora.

"Nimemhamishia mama hapa kwangu," alisema Kalunde. "Kule Urambo hawezi tena kuishi peke yake. Chumba chake kina kuta sikivu, lakini ziko kijivu kama zilivyotoka kiwandani. Hataki mtu mwingine aziguse. Anasema kama si Nyamizi, basi."

"Nitakuja Jumamosi."

"Nyamizi, nimeuona huo mtindo wenu mpya kwa jirani. Lile ni jiko letu."

"Ndiyo."

"Umekaa miaka mitatu bila kuja, halafu jiko letu nalikuta kwa jirani."

"Ndiyo," Nyamizi alisema tena.

Treni ya sumaku ilimfikisha Tabora Jumamosi kabla ya saa nne. Mama yao, Bi Mgalula, alikuwa na miaka themanini na mitatu. Miguu ilimgomea, lakini kichwa kilikuwa chake chote. Alikuwa amekaa kitandani katikati ya kijivu kile, amejifunga khanga mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko hamli, mnapaka rangi tu?"

Nyamizi alijua kwamba hapa mtu hucheka. Akatabasamu. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akamwangalia Kalunde, na Kalunde akageuza uso.

"Haya, nionyeshe kazi yako," mama alisema. "Wanasema wakubwa wanalia."

Nyamizi akawasha kibao. Kijivu kikaondoka, udongo ukaja, kisha masizi, joto la kushoto na harufu ya viazi. Chumba kizima kikawa jiko la nyuma ya nyumba yao ya Urambo, lililobomolewa kabla Nyamizi hajamaliza shule.

Mama hakulia. Alikunja uso.

"Hili si jiko langu."

"Ndilo, mama," alisema Kalunde. "Dirisha lile pale."

"Jiko langu lilikuwa na moshi uliokaribia kunitoa macho. Lilivuja. Nililia mle ndani, nyie mkiwa mmelala, kwa sababu niliona nawalea pabaya. Baba yenu aliahidi kujenga lingine mpaka akafa." Alinyoosha mkono akagusa ukuta. "Hapa ni pazuri. Nani kaishi hapa?"

"Mimi," Nyamizi alisema.

Mama aligeuka. Nyamizi akamweleza yote kwa mpangilio, kama anavyowaeleza wateja: kiti, kofia, dakika arobaini. Akaeleza kwamba kichotahisi hakibuni kitu. Kinachukua kilichomo tu. Kila alichokuwa anakisikia mama sasa kutoka ukutani ndicho alichokisikia mtoto wa miaka mitano, akiwa chini sakafuni, akimtazama mama yake akikoroga chungu.

Bi Mgalula alikikandamiza kiganja chake ukutani.

"Ulikuwa na furaha hivi?"

"Inaonekana hivyo, mama."

"Miaka yote hii nikikumbuka jiko lile, naona aibu," mama alisema, na sasa alikuwa analia kwelikweli, kifua kikipanda na kushuka. "Na wewe ulikuwa na furaha hivi. Sikujua. Mbona hukuniambia?"

Nyamizi alimtazama. Aliona vizuri kwamba mama alikuwa amepewa kitu kikubwa sana, na kwamba kitu hicho kilikuwa chake yeye, na kwamba nyumba elfu themanini zilikuwa nacho. Alijitafuta ndani, kama mtu anayepapasa mfukoni. Hakukuwa na kitu.

"Na sasa?" mama aliuliza. "Ukikaa humu unasikia nini?"

"Joto la kushoto limezidi kidogo."

Kalunde akatoka nje haraka na mlango ukajifunga nyuma yake.

Mama hakukasirika. Alijifuta kwa upindo wa khanga. "Ulichokitoa hakiwezi kurudishwa?"

"Nimewahi kumuuliza Daktari Lugendo, anayeendesha mashine. Anasema kilichochotwa hakirudi kwenye kisima kilekile. Naweza kukiona kama anavyokiona mteja, lakini hata hilo, kwangu halikushika."

"Basi kaa."

"Mama?"

"Kaa chini, hapo. Nikwambie ambayo hukuyaona, maana ulikuwa mdogo."

Nyamizi akakaa sakafuni. Mama akaanza kusimulia jinsi alivyolisiriba jiko lile akiwa na mimba ya Nyamizi ya miezi minane, na jinsi mvua ilivyoubomoa ukuta mmoja usiku uleule, na jinsi alivyocheka peke yake kwenye matope kwa sababu nguvu za kulia zilikwisha. Hakuna mtu aliyewahi kusikia habari hiyo. Nyamizi alisikiliza bila kupima kitu. Kila mama alipofika mahali pagumu alimshika Nyamizi kichwa, na mkono ule ulikuwa mkavu na mzito.

Simu ililia. Alikuwa Daktari Lugendo. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama siku zote.

"Samahani kukusumbua Jumamosi. Viongozi wanaulizia msimu ujao. Kitu chochote cha familia, hata kidogo. Jumatatu unacho cha kuleta?"

Nyamizi aliutazama mkono wa mama uliobaki hewani ukingoja. Hakujua kama alichonacho kinastahili kuitwa hisia. Kilikuwa kidogo mno, na hakikuwa na nusu saa tangu kiingie.

"Sina, daktari," alisema. "Vimekwisha."

Akaikata simu na kuilaza kifudifudi sakafuni.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Watu wa kazini. Endelea, mama. Ukuta ukaanguka upande gani?"