Kinyago Kilichouzwa Asubuhi

Saa tatu asubuhi mtaa wa soko la kazi za mikono ulikuwa umeshafurika, na watu walikuwa wanairuka miguu ya maiti ili wafike kwenye vikapu.

Inspekta, mwanamke wa makamo, alijionea mwenyewe. Mwanamke mwenye kofia pana alinyanyua gauni lake, akavuka nyayo mbili zilizotokeza chini ya mkeka, akaendelea kupatana bei ya hereni. Kijana mmoja alikuwa ameinua simu, anapiga picha.

"Funga mtaa," Inspekta alimwambia sajenti wake. "Na yule mwenye simu azifute hizo picha mbele yangu. Mpuuzi kabisa." Kisha akageuka. "Nani aliyemkuta?"

Mwanamke mfinyanzi wa kibanda cha pili aliinua mkono. Udongo ulikuwa umemkaukia hadi viwikoni.

"Mimi, afande. Nilikuja kumwomba maji. Nikafunua mkeka nimwamshe..."

Marehemu alikuwa mchongaji wa miaka sabini na kitu, ambaye soko zima lilimwita Babu Patasi. Alilala kifudifudi nyuma ya kibanda chake, kisogo kimebonyea. Nzi walikuwa wameshafika. Mbele, hatua tatu tu kutoka hapo, meza ya vinyago ilikuwa imepangwa ikapangika, na nyuma ya meza alisimama mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, katika shati jeupe lililopigwa pasi. Huyu alijiita Msanii, na watu walizoea kumwita hivyo.

"Ulifika saa ngapi?" Inspekta alimuuliza.

"Saa moja hivi."

"Na mzee?"

"Nilimkuta amelala. Baba mkwe akichoka hujilaza hapo kila asubuhi."

"Kwa saa mbili nzima hukumwangalia?"

"Nilikuwa na wateja."

Inspekta alilitazama lile shati jeupe, kisha mkeka.

Daktari wa polisi alichuchumaa kando ya maiti. "Amekufa kama saa moja asubuhi," alisema. "Amepigwa mara mbili kwa kitu kizito, butu. Na hebu tazama hapa." Alipitisha pamba kwenye mvi za marehemu. Pamba ilitoka na doa jeusi. "Hii siyo damu. Ina mafuta."

Inspekta aliinusa. Rangi ya viatu, ile ambayo wachongaji hupaka vinyago ili viwe vyeusi.

Kopo lake lilikuwa wazi karibu na mkono wa marehemu. Lakini pale mezani vinyago vyote vilikuwa vya rangi ya mti wenyewe.

"Kinyago cheusi kiko wapi?"

"Hatuna cheusi," Msanii alijibu.

"Na hili kopo?"

"La viatu vyake, labda."

Babu Patasi alikuwa amevaa ndala. Sajenti alicheka kwa pua.

"Muongo!" mfinyanzi alipasuka. "Afande, kipo kimoja. Mama amebeba mtoto mgongoni. Babu amekichonga miezi minne. Juzi watu wa jumba la makumbusho walikuja, wakasema watakifuata baada ya siku tatu. Leo asubuhi nimemwona anakipaka rangi ya mwisho."

"Huyu mama ana wivu," Msanii alisema.

"Wivu wa nini, wewe? Hata patasi hujui inashikwaje!"

Inspekta alimshika Msanii mkono, akaugeuza kiganja juu. Kilikuwa laini kama cha mtoto, ila kwenye kucha mbili palikuwa na weusi.

"Mweke chini ya ulinzi," alimwambia sajenti. "Halafu uliza kila mtu nani ameondoka na kinyago cheusi."

Haikuchukua muda. Mwisho wa mtaa, kwenye mkahawa wa chai, mteja mmoja, mwanamke, alikuwa anakula kitumbua huku furushi la magazeti likiwa mezani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi.

"Hakijakauka," alilalamika. "Kimenichafulia mkoba."

Inspekta alivaa glavu, akafungua furushi. Kilikuwa kizuri mno, na uzuri wake ulimkasirisha. Kati ya mgongo wa mama na shavu la mtoto, mahali ambapo kitambaa cha aliyekifuta hakikufika, damu ilikuwa imeganda na unywele mweupe umenasa.

"Nani alikuuzia?"

"Yule wa shati jeupe. Alichonga mwenyewe, ameniambia. Kwani kuna nini?"

Inspekta alimweleza. Mteja alisukuma kitumbua kando, akafuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Sasa mkishamaliza kukipima nitarudishiwa? Nilishakipatia mahali pa kukiweka, sebuleni."

Inspekta alikifunga tena kinyago, akatoka nacho.

Adhuhuri, maabara ilithibitisha kuwa damu ile ni ya marehemu. Alama za vidole za Msanii zilikuwa zimezunguka miguu ya kinyago, kama mtu aliyeshika mpini wa shoka.

Binti wa marehemu alikuwa kwenye benchi la kituo, mfinyanzi amemkumbatia. Hakulia. Alimsimamisha Inspekta mlangoni.

"Dada, mume wangu alijua baba amekufa, na akaendelea kuuza?"

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Baba akiwa pale pale?"

"Pale pale."

Binti alijifunika uso kwa khanga. Inspekta aliingia chumba cha mahojiano, akaweka ripoti ya maabara mezani. Msanii aliisoma mara mbili, kisha mabega yakamshuka.

"Watu wa makumbusho waliniuliza nani fundi," alisema. "Nikasema mimi. Wakaandika jina langu. Wakanipiga picha nacho."

"Mzee akajua?"

"Leo asubuhi. Akasema kesho atawaambia ukweli. Nikamsihi: baba, umechonga maisha yako yote, niachie hiki kimoja tu. Akacheka. Akasema, 'Wewe uza tu, mwanangu.' Akanigeuzia mgongo. Kilikuwa karibu na mkono wangu."

"Ulipomaliza?"

"Nilimfunika. Nikapanga meza. Watu walishaanza kuja."

"Kwa nini ulikiuza? Ungeweza kukitupa."

Msanii alifikiri, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilainika.

"Yule mama aliyekinunua alikishika, akasema hajawahi kuona kazi kama hiyo. Akaniuliza kama ni yangu."

Inspekta alisimama, akafungua dirisha. Hewa ya chumba ilikuwa haivutiki.

Sajenti alivuta fomu ya maelezo ili aanze kuijaza rasmi. Jina. Umri. Makazi.

"Kazi yako?"

"Mchongaji," Msanii alijibu bila kusita.

Kalamu ilisimama. Sajenti alimtazama mkubwa wake.

"Andika muuzaji," Inspekta alisema bila kugeuka. "Halafu mtoe mbele yangu."