Rezerve ya Houssein

Siku ya soko Gitega, kwenye safu ya mafundi wa kushona, mashini zote zilikuwa zinalia kwa pamoja kama mvua juu ya bati. Zuena alikuwa amekalia mashini ya shangazi yake Kulthumu, aliyekuwa ametoka kwenda kuswali. Zuena mwenyewe hakuwa wa Gitega. Alikuwa fundi wa nguo za maharusi kule Muyinga, na alikuja kununua lasi na uzi wa dhahabu ambao kwao haupatikani. Alivaa kitenge cha kijani chenye vipepeo vyekundu, mtandio wa rangi ya maziwa umemteremka mabegani, na pini amezibana kwa midomo.

Kijana mmoja akasimama mbele yake. Alikuwa ameshika shati jeupe kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga wa jirani.

"Dada, samahani. Hapa begani pamekatika. Nishonee mbiombio, gari ya Bujumbura inaondoka."

Zuena akatoa pini mdomoni, akaligeuza shati. Lilipigwa pasi vizuri, kola imenyooka, na begani kulikuwa na kitanzi cha kuvishia kipande cheusi chenye mistari ya dhahabu.

"We ni mlinzi wa benki?"

"Hapana."

"Basi unahudumia kwenye hoteli. Hoteli kubwa, inaonekana."

"Umekaribia," kijana akasema, akijitahidi asicheke. "Watu wangu nao wanakaa kwenye viti. Lakini wakitaka kusimama, tunawafunga mkanda. Mi ni rubani, dada. Rubani wa pili, yule wa kiti cha kuume."

"Na rubani anapanda gari kwenda Buja."

"Ndege yangu haisimami hapa mtaani Shatanya."

Hapo Zuena akacheka. Akashona kitanzi, akakirudia mara ya pili ingawa hakikuhitaji, akakivuta kwa nguvu kuona kama kimeshika. Kijana akajitaja: Houssein, mzaliwa wa mtaa wa Waswahili hapo hapo Gitega, aliyelelewa na baba yake mkubwa, Mzee Athumani. Alikuwa amekuja nyumbani kumsalimia mama. Akaomba nambari ya simu.

"Ya nini?"

"Bega la pili likikatika."

Bega la pili halikukatika, lakini simu zilipigwa. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa bado ngeni Muyinga, na Zuena alikuwa anapanda juu ya ngazi ya msikiti ili mtandao ushike. Watoto wa mtaani wakawa wanaita pale "uwanja wa ndege wa Zuena." Houssein alikuwa anapiga akiwa Kigali, akiwa Entebbe, akiwa Bukavu, kila mara na sauti ile ile ya mtu asiye na haraka. Kampuni yake ilikuwa ndogo, na ndege zenyewe za kuhesabika, lakini alivyozisema ungefikiri anasimulia ng'ombe wa ukoo.

Baada ya miezi kadhaa akaja Muyinga. Akakaa kwenye benchi ya karakana ya Zuena, mlango wazi mpaka nje, kama inavyotakiwa, na Zuena akamuuliza maswali huku mguu uko kwenye mashini.

"Mnalipwa kwa mwezi?"

"Iko kidogo ya mwezi. Kingine ni kwa saa ya kuruka. Saa inaanza wakitoa kabari kwenye magurudumu, inaisha wakizirudisha."

"Na mkikaa mnangoja ukungu?"

"Ukungu haulipi."

"Ni kama mi. Sindano ikitembea nakula, umeme ukikatika nakaa." Akakata uzi kwa meno. "Na ukichoka?"

"Nasema nimechoka. Hata kapteni hawezi kunilazimisha. Tukishuka iko saa za kulala, na hizo ni sheria. Tunafunga simu, tunalala."

"Mi sijawahi kuona kazi ambayo kulala ni sheria."

"Ndiyo kazi ngumu kuliko zote, sheri wangu. Jaribu kulala mchana Entebbe, jua linawaka, jirani anapiga redio, na kesho alfajiri watu wamekutegemea. Nafunika macho kwa taulo, nipate giza."

Akamweleza jinsi anavyoizunguka ndege kabla ya kila safari, hata kama imetoka kushuka, anagusa tairi, anagusa bawa, anainama kuangalia mafuta yasivuje. Kapteni wake ana mvi, na bado anasoma karatasi ya ukaguzi kwa sauti kila siku, neno kwa neno, kama mtoto wa madrasa. Zuena alisahau kukanyaga mashini. Alikuwa anamtazama mikono. Mtu anayefanya kazi yake hivi, akawaza, nyumbani hatafunga mlango nusu.

Basi wazee wakapanga: Jumapili fulani watu wa Gitega waje Muyinga kuposa. Baba yake Zuena, Sefu, mwuza vitambaa, mtu wa maneno machache, akatoa sharti moja. Kijana awepo, amwone machoni, na binti atoe jibu lake siku hiyo hiyo.

Jumatatu ya wiki ile ile, Houssein akapiga. Zuena alikuwa juu ya ngazi, mtandao unakuja na kwenda.

"Sheri, iko tatizo. Jumapili siwezi kuja na wazee. Niko na rezerve."

"Uko na nini?"

"Rezerve. Wiki nzima. Iko hapa Buja, siwezi kwenda mbali. Ikiniita, lazima inikute nimeshavaa."

Sasa hapo pafahamike vizuri. Zuena alikulia Kobero, mpakani, akimsaidia baba yake kuuza vitambaa katikati ya malori. Na madereva wa Kobero wana lugha yao. Mke wa nyumbani ni bibi. Yule wa njiani, wa akiba, wanamwita rezerve, kama tairi ile ya kufungwa nyuma ya gari. Na Kiswahili cha Burundi hakijisumbui kutenga mtu na kitu: mtu iko, gari iko, rezerve iko.

"Imeanza lini?" Zuena akauliza polepole.

"Leo asubuhi. Lakini usihuzunike, inalipa. Si sana, lakini inanilipa hata nikilala tu."

Zuena akashika ukuta wa msikiti. "Mzee Athumani anajua?"

"Anajua sana. Hata mama ameshazoea."

"Houssein. Chagua. Mi ao rezerve yako."

"Siwezi kuiacha, Zuena," Houssein akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ndiyo itatulisha sisi wawili."

"Ikulishe we peke yako," Zuena akasema, akakata.

Kule Bujumbura, kwenye chumba cha kampuni karibu na uwanja wa ndege, Houssein alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, shati jeupe limetundikwa mlangoni, viatu vimeng'arishwa. Rezerve yake ilikuwa ni zamu ya kungoja tu: rubani mmoja akiumwa, yeye anaitwa, na ndege inaruka na watu hawajui kitu. Alichosikia yeye ni kwamba mwanamke anayempenda anamtaka aache kuruka. Akawa na uchungu, na uchungu wenyewe hakuweza kwenda nao popote, maana alikuwa kazini.

Jumapili wazee wakaja hivyo hivyo, maana wala Zuena wala Houssein hakuwa amemwambia mtu ugomvi wao. Mzee Athumani kwa kanzu ya kupigwa pasi na kofia ya kudarizi, wenzake nyuma yake, na Shangazi Kulthumu, aliyesafiri nao kutoka Gitega, na kapu la vitumbua. Sefu akawapokea sebuleni, chai ya tangawizi ikamiminwa, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta kijana, ingawa aliambiwa yuko kazini.

Jikoni, Zuena alikuwa amevaa gauni la bluu alilojishonea kwa furaha kabla ya simu ile. "Shangazi, waambie hapana."

"Hapana ya nini, mwanangu? Mtu amekufanya nini?"

"Iko na rezerve Buja."

"Rezerve? Hana hata gari."

"Shangazi. Ile ya madereva. Na inamlipa akilala."

Kulthumu akaweka kikombe chini. Akaenda sebuleni, akainama sikioni kwa Sefu. Na Sefu, aliyeishi Kobero miaka yote ile, hakuhitaji kuelezwa neno. Uso ukamkauka.

"Mzee mwenzangu," akasema, "kijana wako ana mwanamke Bujumbura."

"Mi simjui," Mzee Athumani akasema, na alishangaa kweli.

"Basi atuambie mwenyewe."

Sefu akatoa simu yake, yenye laini ya Tanzania aliyonunua Kabanga, ng'ambo ya mpaka, kwa ajili ya biashara, nambari ambayo Houssein hakuwahi kuiona. Akafungua sauti wote wasikie. Zuena akasogea mpaka nyuma ya pazia.

Simu ikapokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Rubani wa pili Houssein, rezerve. Nimeshavaa, niko mlangoni. Ndege ipi, na tunaenda wapi?"

Sefu alikuwa ametayarisha maneno mazito, sasa hayakuwa na pa kukaa.

"Hatuendi popote," akasema mwishowe. "Ni mi, Sefu, wa Muyinga."

"Baba. Asalam aleikum. Nilidhani ni kampuni. Ndiyo zamu yangu ya kungoja."

Pazia likafunguka, Zuena akaingia, akachukua simu mkononi mwa baba yake bila kuomba.

"Rezerve ni nini?"

"Ni kungoja, Zuena. Mwenzangu akiumwa, mi naruka. Si nilikuambia?"

"Hukuniambia. Uliniambia unayo."

"Na si ninayo?"

Mzee Athumani ndiye alianza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika. Sefu akamnong'oneza mambo ya madereva na tairi, na kicheko kikazunguka sebule yote.

"We ulifikiri..." Houssein akaanza.

"Usimalize mbele ya wazee."

"Na mi nilifikiri unataka niache ndege. Nimelala na hilo neno wiki nzima."

"Sitaki uache. Nani alikuambia nataka uache? Mi ndiye nawaringia watu kwamba..." Akakumbuka kwamba sauti iko wazi, akanyamaza.

Kwenye simu kukasikika mlio mwingine, mfupi mfupi.

"Zuena, kampuni inaita. Lazima nipokee. Baba anangoja jibu lako, na mi siwezi kungoja kulisikia."

"Umelala vizuri?"

"Nimelala mchana huu. Vizuri."

"Basi enda. Mi nimekubali. Enda, watu wameshakaa kwenye viti."

"Nimesikia," Houssein akasema, na simu ikakatika.

Wazee wakainua mikono, Fatiha ikasomwa. Walipofika kwenye tarehe ya ndoa, Mzee Athumani akakohoa, akaeleza kwa adabu kwamba programu ya ndege ya mwezi ujao ilikuwa haijatoka, na kabla ya hapo hakuna mtu chini ya jua anayeweza kusema kijana atakuwa nchi gani. Sefu, ambaye hajawahi kungojea karatasi ya mtu, akamgeukia binti yake.

"We unataka siku gani?"

"Siku yoyote, baba," Zuena akasema, macho chini. "Mradi wampe kwanza saa zake zote za kulala."

Shangazi Kulthumu akajifunika uso kwa mtandio, na wazee, mmoja baada ya mwingine, wakainamia vikombe vyao.