Ukurasa Ambao Haukupelekwa Juani

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanywa maji, kisha akaingia chumba cha mbele bila hata kubadilisha sare. Chumba hicho kilikuwa karakana ya mjomba wake, ingawa hakikuwa na nyundo wala msumari. Kulikuwa na meza, kompyuta, feni iliyokohoa zaidi ya kupepea, na mjomba mwenyewe, fundi wa kutengeneza tovuti. Jina la Chiriku alipewa na mjomba huyo, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Mjomba hakusomea kazi hiyo popote. Alipomaliza shule alipata kibarua cha kufagia duka la intaneti, na wateja wakipungua mwenye duka alimruhusu kukaa kwenye kompyuta. Basi akawa anafungua kurasa za watu, anatazama zilivyoundwa, anazibomoa na kuzijenga upya, mpaka akazijua kama mfuko wa suruali yake. Majirani walimcheka. "Kijana mzima, kazi yake kukodolea kioo!" Siku hizi hao hao ndio wanaomletea kazi: seremala, mwenye gereji, mwalimu wa chekechea.

"Mjomba, mbona kurasa zako hazina madoido?" Chiriku alikuwa akimuuliza.

"Mtu hafungui ukurasa ili anisifu mimi," Mjomba alimjibu. "Ana shida yake. Ukurasa ni kibao cha njiani, mpwa wangu. Kazi yake ni kumfikisha mtu, si kumsimamisha akishangae."

Tena alikuwa na sharti moja. Kabla ukurasa haujakabidhiwa kwa mwenyewe, lazima upelekwe juani. Maana yake uchukue simu kuukuu ya Bibi, yenye kioo kilichopasuka na mtandao wa kusuasua, utoke nje mchana kweupe, uufungue na kuusoma hapo. Ukishindwa, unarudi ndani kuanza upya. Mjomba alisema kompyuta ya mezani humdanganya fundi, kwa kuwa kwake kila kitu hufunguka.

Zahanati ya mtaa ilipokuwa inahamia jengo jipya, mganga mkuu alimwomba Mjomba atengeneze ukurasa wa kuwaelekeza wagonjwa. Mjomba alikuwa na safari ya kikazi, akaona ampe Chiriku kazi hiyo, yeye abaki mkaguzi. Chiriku alifurahi kupita kiasi. Aliweka picha kubwa za wauguzi wakitabasamu, mawingu yanayotembea, na maandishi ya kijivu hafifu juu ya rangi nyeupe, kwa kuwa aliona ndivyo zilivyo tovuti za wakubwa. Namba ya dharura na maelekezo ya jengo jipya aliyabandika chini kabisa, bila hata kuyasoma.

"Umeupeleka juani?" Mjomba aliuliza, begi begani, akiwahi basi.

Nje jua lilikuwa linachoma. Simu nayo ilikuwa sikioni kwa Bibi, aliyekuwa akizungumza na shoga yake mazungumzo yasiyo na dalili ya kuisha.

"Nimeupeleka, Mjomba. Umefunguka vizuri sana."

Mjomba alimwamini. Akautupia jicho kwenye kompyuta, akauweka hewani, akaondoka.

Siku ya Jumamosi, mama yake Chiriku alikuwa zamu kiwandani, ambako simu zote huachwa getini. Mdogo wake Chiriku alikuwa akicheza uani. Walimwita Bosi, kwa vile alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza lakini alishaanza kuamrisha nyumba nzima. Alikuwa amempanga Bibi kuwa abiria na Chiriku kuwa utingo. Mara akanyamaza katikati ya amri. Akashika kifua. Pumzi yake ikaanza kupiga mluzi.

"Pumu imemshika!" Bibi alisema. "Leta dawa yake ya kuvuta!"

Chiriku alikimbia kuileta. Bibi aliibonyeza mdomoni kwa mtoto, mara ya kwanza, mara ya pili. Ilitoa upepo mtupu. Dawa ilikuwa imekwisha.

Bibi hakungoja kushauriwa. Alimbeba Bosi mgongoni, wakatoka mbio kuelekea zahanati, maana ilikuwa jirani tu, na katika hofu ile hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa inahama. Magoti ya Bibi yalipogoma, Chiriku akampokea mtoto. Aliusikia ule mluzi sikioni mwake, na kila ulipokatika roho yake iliruka.

Walipofika, walikuta kufuli. Mlangoni palibandikwa karatasi: "Tumehama. Maelekezo na simu ya dharura vipo kwenye tovuti yetu."

"Wamehamia wapi?" Bibi alimuuliza mpita njia.

"Nasikia upande wa sokoni."

"Siyo, ni kule karibu na stendi," mwingine alidakia, na hakuna aliyekuwa na hakika.

Bibi alimgeukia Chiriku. "Si wewe uliyetengeneza huo ukurasa wao? Wako wapi?"

Chiriku alijaribu kukumbuka. Yale maneno aliyabandika kwa mikono yake, lakini macho yake yalikuwa kwenye mawingu. Alipokonya simu ya Bibi, akaufungua ukurasa. Kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Kwa shida likatokea tabasamu la muuguzi, nusu uso, kisha kila kitu kikaganda. Akaufunga, akaufungua tena. Tabasamu lile lile likarudi kumcheka.

"Fanya haraka, mjukuu wangu! Midomo inabadilika rangi!"

"Haufunguki, Bibi! Haufunguki!"

Walimpigia Mjomba, hapatikani. Bosi hakuwa hata akilia, na hilo lilimtisha Chiriku kuliko kilio. Mbavu za mtoto zilididimia kila alipovuta hewa. Chiriku alilia kwa sauti barabarani, akiwaomba watu wasiojua lolote. Aliona wazi kwamba mdogo wake angekufa mikononi mwake, na kwamba aliyemuua angekuwa yeye.

Mwenye duka wa ng'ambo ya barabara alisikia, akaja mbio na simu yake mpya. Kwenye simu hiyo ukurasa ulifunguka. Picha zikapita, mawingu yakatembea, Chiriku akateremka mpaka chini. Hakuona kitu. Kijivu chake kizuri kilikuwa kimemezwa na jua, kioo kikawa cheupe tupu. Alivuta kanga ya Bibi begani, akajifunika nayo kichwa pamoja na simu, akakodoa macho gizani mle huku machozi yakimziba. Tarakimu zikajitokeza. Alizisoma kwa kelele, na mwenye duka akamwambia azibonyeze palepale apige.

"Zahanati," sauti ya kike iliitika.

"Mdogo wangu hapumui! Tuko jengo la zamani!"

"Mkalishe wima, usimlaze. Tuko nyuma ya posta. Njooni, nami natoka kuwapokea."

Walikuwa umbali wa kutupa jiwe. Muda wote ule walisimama kwenye kufuli, na msaada ulikuwa mtaa wa pili. Muuguzi alikutana nao njiani, akampokea Bosi, akaingia naye ndani akikimbia.

Bosi alivishwa barakoa ya mvuke wa dawa. Bibi alimshika mguu, akihesabu kila pumzi. Halafu mluzi ukaanza kupungua, mbavu zikatulia, na Bosi akafumbua macho akaashiria kwa kidole kwamba anataka viatu vyake viwekwe vizuri. Bibi alicheka na kulia kwa pamoja.

"Amepona chupuchupu," muuguzi alisema, akikaa chini. "Ninyi ndio wa kwanza kutupigia tangu tuhamie. Simu iko kimya kabisa. Sisi tukadhani mtaa mzima ni wazima wa afya."

Maneno hayo yalimwingia Chiriku kama baridi. Aliwaza kile kiduara kikizunguka mikononi mwa watu wengine, wakiwa na wagonjwa wao, mbele ya lile kufuli.

Mjomba, aliyepata habari kwa simu, alifika zahanati alasiri, moja kwa moja kutoka kituo cha basi. Hata hajaketi, Chiriku alisimama mbele yake.

"Mjomba, sikuupeleka juani. Nilikudanganya."

Akaeleza yote, muuguzi akisikia. Alitamani kugombezwa. Mjomba hakumgombeza. Alitoa kompyuta ndogo ya safari kwenye begi, akaiweka juu ya benchi, akamwambia akae. Picha ziliondoka, mawingu yakaondoka. Namba ya dharura ikapanda juu kabisa, nyeusi, kubwa, na chini yake maneno machache: nyuma ya posta. Chiriku aliyasoma neno kwa neno, kisha akatoka nje na simu ya Bibi, akasimama juani. Ukurasa ulifunguka kabla hajamaliza kupepesa macho. Aliporudi ndani alikuwa analia tena.

"Picha nzito na rangi hafifu ni makosa ya kazi," Mjomba alimwambia. "Kila fundi huyafanya, hata mimi nitayafanya tena. Ndiyo maana tunajaribu. Kazi mbovu hurekebishika, mpwa wangu, mradi yupo mtu anayejua kwamba ni mbovu. Wewe uliponiambia umejaribu, ulimwondoa mtu huyo. Mimi nikalala usingizi, muuguzi akakaa kimya na simu yake, wote tukiamini mambo ni mazuri. Uongo wako ulikuwa mdogo kwako. Kwa wengine hujui ulikuwa mkubwa kiasi gani."

"Na wale waliokuja wakakuta kufuli?"

"Hatuwajui. Hilo utalibeba, nami nitalibeba nawe, kwa sababu niliukagua kwa kuutupia jicho tu. Kuanzia leo, ukichoka, niambie umechoka. Ukiwa hujafanya, niambie hujafanya. Ukweli wa hivyo hautaniudhi kamwe."

Chiriku alitaka kujibu, lakini simu ya mezani ikalia. Wote waliruka. Muuguzi aliinyakua.

"Zahanati... Ndiyo, mama. Taratibu, nakusikia. Namba umeipata wapi? Kwenye tovuti, sasa hivi? Basi usilie, umeshatupata. Njoo nyuma ya posta, tunatoka kukupokea."

Muuguzi alipoweka simu chini na kugeuka kutafuta viatu vyake, Chiriku alikuwa ameshafika barabarani.