Ndege Zilikuwepo

Ndugu zangu mnaozungumza Kiswahili katika mji huu wa Sydney, nisikilizeni kidogo niwasimulie habari ya nyumba moja ya Merrylands. Wengi wenu mmewahi kula katika nyumba hiyo. Mimi nilikuwa jirani yao, ua wangu na wao umetenganishwa na mbao tu, na haya ninayoyasema niliyaona mwenyewe au nimeambiwa na wenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi 2020, siku Suhaila alipotoka arobaini. Nyumba ilinukia udi na biriani. Wanawake tulikaa mkekani sebuleni, mtoto mchanga Sabri tukimpokezana mikononi, na vicheko havikwisha. Chakula chote kilipikwa na Mize, mdogo wake Suhaila, ambaye alikuja kutoka Tanga kwa viza ya matembezi ya miezi mitatu amuuguze dada yake uzazini. Mize alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mpole, asiye na maneno mengi. Kwao Tanga, mtaa wa Ngamiani, aliishi na mama yao, Bi Riziki, na Mize ndiye aliyempikia na kumpeleka hospitali. Bi Riziki alimruhusu kwa shingo upande, akabaki mikononi mwa Faisal, kaka yao. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya mwisho wa mwezi uleule.

Tiketi hiyo haikutumika. Corona ilifunga mipaka, shirika la ndege likafuta safari, na Mize akabaki.

Mume wa Suhaila, Haidar, alikuwa dereva wa kontrakta mmoja aliyepeleka vibarua mashambani, kule nje ya mji ukishapita Ingleburn, kwenye yale mabanda makubwa ya nailoni yanayolimwa nyanya na matango. Viza ya Mize ilipokaribia kwisha, Haidar alirudi nyumbani na habari njema. Serikali inawapa waliokwama viza ya muda, alisema, mradi wakubali kufanya kazi za shamba. Akajaza fomu kwenye simu yake, Mize akakubali kila alichoambiwa akubali. Viza ikatoka. Haidar akaichukua pasipoti ili aiweke mahali salama. Kama siku ile alikuwa na nia mbaya, sijui. Najua tu kwamba hakuirudisha.

Kazi ilikuwa ya kufunga miche kwa kamba na kukata matango. Ndani ya mabanda yale joto lilikuwa la kumpika mtu, hata wakati sisi huku nje tumevaa makoti. Alfajiri gari la Haidar lilimchukua, jioni likamrudisha, na akifika akaingia jikoni, kisha akamwogesha mtoto. Hakukuwa na basi la kwenda wala kutoka shambani. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu. Mshahara ulipitia kwa Haidar, na kilichomfikia ni kidogo. Dunia yake ikawa gari, banda na jiko.

Mwanzoni aliuliza habari za kurudi. Haidar akamjibu kwamba hakuna ndege inayotoka Australia kwenda Afrika. Alipouliza mara ya pili, akamwambia jambo zito zaidi: viza yake imefungwa na kontrakta, na akiacha kazi msimu haujaisha, watakaofunguliwa kesi ni Haidar na Suhaila, kwa sababu wao ndio wadhamini. Basi Mize akanyamaza. Alikuwa tayari kuteseka yeye, lakini si kumponza dada yake. Na katika mabanda ya nailoni, ndugu zangu, msimu hauishi. Matango yakitoka, nyanya zinaingia.

Msidhani Haidar alikuwa shetani. Mipaka ilipofungwa vibarua waliadimika, na kontrakta alimwahidi usimamizi wa shamba zima ikiwa hatapoteza hata mtu mmoja kwenye gari lake. Alihesabu vichwa kila asubuhi, na kichwa kimoja kilikuwa cha shemeji yake.

Na mimi je? Siku moja nilikuwa naanika nguo, Mize akanisogelea upande wa pili wa mbao akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli ndege hamna. Nikamjibu, "Nasikia ni shida," nikaendelea kuanika. Sikuwa najua. Sikujisumbua kujua.

Ikafika Julai 2021. Mtaa wetu ukafungwa kuliko mingine. Kutoka kwa sababu maalumu tu, askari barabarani, helikopta juu ya mapaa. Wafanyakazi wa mashambani waliruhusiwa kupita kwa barua, kwa hiyo kila alfajiri gari la Haidar liliondoka kama kawaida. Katika siku hizo Faisal alipiga simu kutoka Tanga. Mama alikuwa na changamoto ya kupumua. Ndivyo watu walivyokuwa wakiuita ugonjwa ule wakati huo, na kila mtu alijua maana yake. Faisal alisema mama anamuulizia Mize.

Mize alimfuata Haidar sebuleni. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama mbele yake na kudai kitu.

"Shemeji, nipe pasipoti yangu. Nataka kwenda kwa mama."

"Utaenda kwa mguu?" Haidar hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Nimeshakwambia hakuna ndege. Na ukitoka sasa, mkono wa serikali utamkuta dada yako kwanza."

Suhaila alikuwepo, amempakata mtoto. Akaendelea kumbembeleza.

Kesho yake shambani Mize alifunga miche huku machozi yanamtoka. Aliyekuwa akifanya naye kazi mstari mmoja ni Chibalonza, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, anayekaa Doonside, ambaye alikuja kwa gari lake mwenyewe na hakuwa chini ya mtu. Alimuuliza anachokililia. Mize, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amemwambia mtu, akasema yote.

Chibalonza akaacha kamba. "Mize, ndege ziko. Jirani yangu alienda Bujumbura juma lililopita. Na ile pasipoti ni yako, haiko ya shemeji. Mimi niliishi kambini miaka kumi, mtu mwenye kukufungia namjua hata akiwa anacheka."

Saa ya chakula walijifungia ndani ya gari la Chibalonza, wakapiga simu kwenye kituo cha msaada wa kisheria kisichotoza watu. Wakaletewa mkalimani wa Kiswahili kwenye simu ileile. Mwanasheria aliuliza maswali kwa utulivu, kisha akajibu moja baada ya jingine. Mtu wa viza ya muda anaweza kuondoka nchini siku yoyote, haombi ruhusa. Dada yake hawezi kushtakiwa kwa jambo hilo. Na hakuna anayeruhusiwa kukaa na pasipoti ya mwenzake. Mize alimwomba mkalimani arudie, kwa maana aliona kama amesikia vibaya. Mkalimani akarudia.

Jioni alimkuta Suhaila jikoni. Akamweleza yote kwa furaha, akidhani anamletea dada yake habari mpya, kwamba wote wawili walidanganywa. Suhaila alizima jiko. Akabaki ameshika kingo za meza.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, Dada?"

"Kuhusu ndege. Na pasipoti najua ilipo. Imo garini, kwenye sanduku la spana, chini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana." Suhaila alianza kulia. "Ulipokuja nilikuwa silali, simnyonyeshi mtoto, kuna mawazo mabaya yananijia ambayo sijamwambia mtu. Wewe ukiwa ndani nilipumua. Nikasema akae mwezi mmoja tu. Kisha nikasema mwingine."

Mize aliniambia baadaye kwamba hasira haikuja wakati ule. Kwa Haidar alijua yuko mikononi mwa mtu mgumu. Hakujua kwamba mlango ulikuwa umeshikiliwa na dada yake.

Suhaila mwenyewe alikwenda garini, akalileta sanduku sebuleni, akalifungua mbele ya mumewe, akatoa pasipoti. Haidar aliinuka kumzuia. Suhaila akamwambia, "Jaribu, nipige simu polisi." Haidar akakaa.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Chibalonza alisaidia kutafuta safari na kipimo cha corona, na nafasi ya karibu kabisa ikapatikana Jumatano iliyofuata. Bi Riziki alifariki Jumatatu asubuhi, akazikwa alasiri. Faisal alisema siku mbili za mwisho alikuwa na swali moja tu kila mlango ukifunguliwa: "Mize amefika?"

Mize aliondoka Jumatano vilevile. Nilimwona akipakia begi kwenye gari la Chibalonza. Hakumuaga dada yake, na Suhaila hakuthubutu kutoka nje.

Sasa sikieni lililo chungu kuliko yote. Wakati ule wenye makazi ya kudumu na raia walikatazwa kutoka Australia bila kibali maalumu. Suhaila aliomba kibali siku ileile ya jikoni, na mama alizikwa kabla hajajibiwa. Aliniambia tukiwa kwenye zile mbao za ua, "Kati ya watoto wawili wa Bi Riziki tuliokuwa huku, mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kwenda. Nami nilimficha njia."

Baada ya Mize, vibarua wengine watatu wa gari lile walipata moyo wa kusema. Wakaguzi wa kazi walifika shambani, kontrakta akafunga biashara, na Haidar akaitwa kuhojiwa mara kadhaa. Usimamizi alioahidiwa hakuuona. Msikitini haonekani sana. Yeye na Suhaila bado wanaishi nyumba moja, lakini wageni hawaalikwi tena.

Mipaka ilipokwisha kufunguliwa, Machi 2022, Suhaila alikwenda Tanga na mtoto. Mize alimpokea stendi, akamchukua Sabri mgongoni, akampeleka dada yake moja kwa moja makaburini. Alimwonyesha kaburi la mama yao, kisha akaondoka na mtoto, akamwacha peke yake pale.

FUNZO

Ndugu zangu, mtu akija kwako ugenini, pasipoti yake ikae mfukoni mwake. Viza za kibarua cha shamba si dhambi, na kazi ya jembe ni ya heshima. Dhambi ni kuutumia ujinga wa mwenzako kama kufuli. Ukiambiwa na mtu mmoja kwamba huna njia, muulize wa pili, na wa pili asiwe anayefaidika na kubaki kwako. Simu ya msaada ipo, mkalimani yupo, na lugha yako inatosha.

Wewe unayempenda ndugu yako, usimpende kwa kumzuia. Upweke ni maradhi, nao hutibiwa kwa kuusema. Suhaila angetuambia, tungepokezana usiku na mchana kukaa naye.

Na sisi majirani, tukiulizwa jambo na mtu mwenye macho ya hofu, tusijibu "nasikia ni shida." Tuziache nguo kwenye beseni, tukamtafutie jibu. Mimi sikufanya hivyo, na swali aliloniuliza Mize lilikuwa na jibu la neno moja tu.