Barua za Rambirambi za Seneta Pomfret

Seneta Erastus Pomfret, aliyeanza maisha kwa kuuza tiketi za treni akaishia kumiliki reli na kununua wabunge, alikutwa kifudifudi ndani ya behewa lake la kifahari, kichwa kimepondwa. Pembeni ilikuwa pini ya chuma ya kuungia mabehewa.

Nje, umati ulikuwa umemkamata Cormac Feeney, mfungaji wa mabehewa, anayeyaunganisha kwa mikono. Kamba ya kumnyongea ilishapatikana.

"Nani amemtaja Feeney?" aliuliza Inspekta Tillotson.

"Mimi, afande," alijibu Lyman Orcutt, karani wa marehemu. "Nilimwona akitoka mbio. Na pini ni ya hao wafungaji."

Inspekta alilikagua pazia la mlangoni. Muuaji alikuwa amelishika kwa mkono wa kulia uliojaa damu. Alama za vidole vitano zilionekana wazi.

Akatoka nje. "Feeney, nionyeshe mkono wa kulia."

"Uliobaki, afande?" Feeney alicheka kwa uchungu. Alikuwa na dole gumba na vidole viwili. "Vingine vimeliwa na mabehewa. Kwenye yadi hii ya treni, ukimwona mwenye vidole vyote, jua ameajiriwa jana."

Watu wakanywea. Kamba ikashushwa.

Inspekta akamgeukia karani, aliyemfuata nje akiwa amevaa glavu. Aliyemsingizia Feeney alifanya kazi relini miaka yote bila kuwatazama watu hawa mikono.

"Orcutt, vua glavu."

"Za nini, afande?"

"Vua!"

Damu ilikuwa imegandia kwenye kucha. Karani akaketi chini.

"Miaka tisa nawaandikia rambirambi wajane wa reli," alisema. "Barua ni moja, nabadilisha majina. Mswada wa viungio salama vya mabehewa Seneta aliuua mwenyewe kule Seneti, eti gharama. Jana mdogo wangu Jesse, mfungaji pia, alibanwa na mabehewa, akafa. Leo asubuhi mzee ananisukumia karatasi ile ile, nimwandikie mama yangu. 'Badilisha jina tu, Lyman.' Hata macho hakuinua."

Inspekta alimwonea huruma, wala hakuificha. Lakini swali moja lilibaki.

"Na Feeney je? Si kazi moja na mdogo wako?"

"Simjui."

"Ukamchagua vipi?"

Orcutt alifikiri kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo dogo.

"Nilifungua orodha ya zamu, afande. Nilihitaji jina tu."