Kura za Kinyozi

"Umeshatuma?" mama mkwe alimnong'oneza.

"Natuma, mama."

"Tuma na nyingine. Zimebaki dakika kumi, usizubae."

Kinyozi akainamia simu, kidole gumba kikifanya kazi bila kupumzika. Walikuwa mstari wa mbele, kwenye viti vya familia, na kila aliyemtazama aliona mume mwema anayemhangaikia mkewe. Jukwaani, kwenye fainali ya shindano la kuimba, walikuwa wamebaki wawili: mkewe, ambaye mashabiki walimwita Chiriku, mshiriki namba mbili, na jamaa mmoja mwenye ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia, aliyeitwa Kidevu, namba nne.

Kinyozi alibonyeza nne.

Ndiyo, jamani, nne. Picha ya mkewe ilijaa kioo kizima cha duka lake, wateja aliwanyoa huku akiwasisitizia wampigie Chiriku kura, na yeye mwenyewe tangu wiki ya tatu alikuwa akimpigia mwingine.

Alianza mchana mmoja dukani, baada ya simu ya mkewe iliyodumu dakika mbili. Chiriku alikuwa kwenye nyumba ya washiriki, na katika hizo dakika mbili alizungumzia kitu kimoja tu: mshindi angepewa mkataba wa miaka miwili, kurekodi na kuzunguka nchi za nje.

"Miaka miwili?" Kinyozi alimuuliza.

"Miwili tu, mume wangu! Wananiita mazoezini, kwaheri."

Hiyo "tu" ilimchoma. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatuma kura ya kwanza. Majibu yakaja papo hapo: *Asante! Kura yako kwa mshiriki namba 4 imepokelewa.*

"Mabibi na mabwana!" Mtangazaji alirudi jukwaani, jino nje. "Kabla hatujafunga kura, tuna zawadi kwa shabiki mmoja. Huyu amempigia Kidevu kura nyingi kuliko mtu yeyote. Tunampigia simu sasa hivi, mubashara! Namba yake inaishia sita, sita, moja."

Kinyozi akaichomeka simu mfukoni haraka.

"Mwanangu," mama mkwe akamgeukia, "si inafanana na yako hiyo?"

"Namba zinafanana nyingi, mama."

Akaanza kuipapasa simu mfukoni. Alikuwa amenyamazisha mlio wa meseji peke yake. Ule wa kupigiwa hakuukumbuka.

Simu ikaita.

Mlio wake ulikuwa sauti ya Chiriku mwenyewe. Alimrekodi jikoni akiosha vyombo, hajui kama anarekodiwa, maji ya bomba yakisikika nyuma. Jukwaani Chiriku akaitambua, akacheka.

"Mume wangu, zima simu, unaniaibisha!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kinyozi akaikata humo humo mfukoni.

"Ah, shabiki wetu amekata," alisema mtangazaji. "Tujaribu tena."

Akapiga. Sauti ya Chiriku ikaimba tena kutoka mfukoni mwa Kinyozi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Chiriku alisogea hadi ukingoni mwa jukwaa.

"Ametuma ngapi?" alimuuliza mtangazaji bila kumtazama.

"Dada, labda tuendelee na..."

"Ngapi?"

"Mia tatu na arobaini."

"Mama yangu!" mama mkwe akashika kifua. Halafu akaichukua pochi yake na kuhamia kiti cha tatu kutoka hapo.

Kinyozi alisimama. Kamera zilikuwa zimemgeukia, lakini wakati huo hakuziona.

"Niliogopa," alisema. "Miaka miwili, mke wangu. Niliogopa hutarudi."

"Kwa nini hukuniambia nisiende?"

"Ungeacha?"

"Sijui. Labda tungegombana wiki nzima. Lakini tungegombania chumbani kwetu, mimi na wewe."

Akampa mgongo, akawaashiria wapiga vyombo. Aliimba wimbo wake wa mwisho macho makavu, kila noti mahali pake, na ukumbi ulisimama wote. Kinyozi aliona watu wakitoa simu zao kwa pupa, wanambonyezea namba mbili, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili akamwombea mkewe ashinde. Alimwomba Mungu kweli kweli. Kisha mtangazaji akafunga kura.

Bahasha ilipofunguliwa, kura za wiki zote zikiwa zimejumlishwa, Kidevu alikuwa mshindi, kwa tofauti ya kura mia moja na kumi na tisa.

Hesabu hiyo kila mtu aliipiga kichwani mwake, mama mkwe wa kwanza.

Kinyozi alimkuta Chiriku chumba cha kubadilishia nguo, anavua hereni mbele ya kioo. Mama yake alikuwa akimkunjia gauni.

"Mama, tafadhali, nipe dakika moja na mke wangu."

"Zungumza. Mimi sina masikio."

Kinyozi akapiga magoti sakafuni. "Nitaenda kwa waandaaji. Nitawaambia wafute kura zangu zote."

"Ni kura halali. Kwani ulimwibia nani simu?"

"Basi nitukane. Nipige. Chochote."

"Nimechoka." Akaiweka hereni mezani. "Kila Jumapili nikisikia kura zimepungua, najiambia wananichoka huko nje, lakini mume wangu yupo. Nilikuwa nakutegemea wewe mpumbavu. Nipe simu."

Akampa. Chiriku aliutafuta ule mlio wa jikoni, akausikiliza kidogo, maji yakichuruzika na yeye akiimba bila wasiwasi wowote, kisha akaufuta.

"Ulitaka nishindwe ili nibaki nyumbani," alisema. "Nimeshindwa. Naenda kwa mama."

"Kwa siku ngapi?"

"Usinihesabie siku."

"Mke wangu, nakupenda!"

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma."

Simu ikatetemeka, bado ikiwa mkononi mwake. Chiriku akaitazama. Akasoma kwa sauti, polepole:

"*Hongera! Mshiriki wako namba 4 ameibuka mshindi. Asante kwa kumfikisha hapa.*"

Akamwekea simu kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Umeshinda, kinyozi wangu," alisema, akamshika mama yake mkono, wakatoka.