Ng'ombe Mwenye Njaa

Septimus Thorold hakujua kutulia. Sasa hivi ameshika jembe, mara kalamu, mara huyo barazani kubishana juu ya barabara. Tangu ahamie New Zealand kutoka Uingereza alikuwa ameandika kitabu cha kuwaongoza wahamiaji wenzake, na kitabu hicho ndicho kilichompatia kura za kuingia katika baraza hilo. Lakini nyumbani kwake mtoto alilia kwa kukosa maziwa. Ng'ombe wawili walikuwa wamekufa, matumbo yamevimba kama ngoma.

Siku hiyo alileta wa tatu. Alikuwa ameshushwa melini asubuhi ile ile, amekonda mbavu nje.

"Mfungulie akale kule kijitoni," alimwambia mkewe, Harriet. "Mimi nachelewa barazani."

"Kule kule walikofia wenzake?"

"Aa, mama! Majani ni majani."

Harriet akafungua lango kwa kununa. Jirani yao Henare, Mmaori mwenye ng'ombe wengi, alikuwa akipita na gunia la viazi. Akalitupa chini.

"We! Mzuieni huyo! Ana njaa!"

"Ndiyo maana anakwenda kula," alisema Thorold.

"Anakwenda kufa. Kile kichaka chenye majani ya kung'aa ni tutu. Kina sumu."

"Mbona wako wanapita pale kila siku?"

"Wanapita wameshiba, nami siwaachi wasimame. Mwenye njaa hufakamia."

Ng'ombe alikwisha tia mdomo kichakani. Thorold akanyakua fimbo.

"Weka fimbo chini! Ukimkimbiza utammaliza. Mvute polepole."

Wakamrudisha zizini. Ng'ombe akaanza kutetemeka. Thorold akatazama njia ya barazani, akamtazama ng'ombe, akatazama njia tena.

"Nenda zako," Harriet alisema. "Huko hata wanaosinzia wanahesabiwa wamefanya kazi."

Hakwenda. Alizunguka zizi mpaka jua likaelekea kuzama, ndipo ng'ombe akatulia, akaanza kucheua.

"Mheshimiwa," Henare alicheka, "kitabu kizima juu ya nchi yetu! Hukuona hata jirani mmoja wa kumwuliza?"

Thorold akamwomba aje kesho na jembe.

Kesho yake waling'oa kila kichaka cha tutu karibu na nyumba. Kisha Thorold akaliomba baraza liweke majani makavu gatini, mifugo ishibe kabla ya kufunguliwa. Waheshimiwa wakasema jambo hilo lingoje kikao kingine. Wangejali nini? Maziwa yao yaliletwa mlangoni. Thorold akavaa kofia, akatoka wenzake wakiwa bado wanakohoa. Yeye, Harriet na Henare wakakata majani wenyewe, wakayakausha, wakayapeleka gatini.

Meli nyingine ilipotia nanga, kijana mmoja alishusha ng'ombe wake na kumwelekeza moja kwa moja vichakani.

"Simama!" Thorold alimkimbilia. "Mlishe kwanza haya makavu. Kile kichaka kinaua."

Kijana akachomoa kitabu mfukoni. "Mzee, usinipotezee muda. Hapa pameandikwa nimfungulie mara tu akishuka."

"Ukurasa huo uchane."

"Nichane? Kwani wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeuandika."

Kijana akamkodolea macho, akakitazama kitabu, akamtazama tena. Kisha akamfunga ng'ombe kwenye nguzo. Ng'ombe akainamisha kichwa kwenye majani makavu, akala mpaka akashiba. Ng'ombe wote walioshushwa siku ile walifika mashambani wazima.